CBT au kulegeza mwili? Ulinganisho kwa mwenye wasiwasi usiokwisha

Kuna mtu ambaye wasiwasi wake hauna likizo. Leo anawaza afya ya mtoto, kesho kazi, keshokutwa simu ambayo haikupokelewa. Jambo moja likitatuliwa, jingine linashika zamu. Hali hiyo ikitawala siku nyingi kwa miezi 6 au zaidi, mtu akashindwa kuizuia, na ikaandamana na angalau dalili 3 kati ya hizi 6, yaani kutotulia, kuchoka upesi, akili kutokaa mahali pamoja, hasira za karibu, misuli kukaza na usingizi mbovu, wataalamu huiita tatizo la wasiwasi wa jumla. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliipa nafasi yake yenyewe mwaka 1980. Kabla ya hapo ilitiwa kapu moja na ile mishtuko ya ghafla ya hofu, ambayo ni tatizo jingine na tutaona baadaye kwa nini tofauti hiyo ina uzito.

Anayetaka tiba ya mazungumzo na mazoezi badala ya dawa hutajiwa njia mbili. Ya kwanza ni tiba ya fikra na tabia, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake, CBT. Ya pili ni mazoezi ya kulegeza mwili yanayofundishwa hatua kwa hatua hadi mtu aweze kuyatumia popote. NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliziweka zote mbili katika ngazi moja kwenye mwongozo wake wa mwaka 2011: vikao 12 hadi 15, kimoja kwa wiki, kila kimoja saa 1. Ngazi ikiwa moja, mgonjwa ndiye anayebaki amesimama njia panda.

Kabla hata ya kulinganisha, mwone daktari mara moja. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukosa usingizi. Kahawa nyingi huleta hayo pia, na baadhi ya dawa za pumu, na kuacha pombe ghafla baada ya kuizoea. Wiki 15 za tiba hazitatibu tezi. Na kama mawazo yamefika kwenye kujidhuru, usisome ulinganisho huu kwanza. Tafuta msaada leo.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua vitano: tiba inaushika wasiwasi wapi, inakudai kazi gani kila siku, utafiti unasemaje, inaharibikaje ikitumiwa vibaya, na inawezekana kiasi gani bila mtaalamu. Cha nne nitakikalia zaidi, kwa sababu ndicho kinachoachwa na maelezo mengi, na ndicho kinachowafanya watu waseme “nilijaribu, haikunisaidia”.

Inaushika wasiwasi wapi

CBT inaushika kwenye utabiri. Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, aliianzisha miaka ya 1960 akiwa na wagonjwa wa sonona, kisha ikapanuliwa kufika kwenye wasiwasi. Ukisikiliza vizuri, wasiwasi mwingi una sentensi mbili ndani yake: jambo baya litatokea, na likitokea sitaliweza. Ya kwanza hukuza uwezekano, ya pili hudogosha uwezo. Kwenye CBT mtu huziandika sentensi hizo kama zilivyo, huzipima kwa ushahidi, halafu, na hapa ndipo penye nguvu yake, hutoka kuzijaribu. Aliyezoea kuusoma ujumbe wa kazi mara nne kabla ya kuutuma anautuma baada ya kuusoma mara moja, akiwa ameandika mapema anachotabiri kitatokea. Siku mbili baadaye anarudi kwenye daftari kuona kilichotokea kweli.

Ndani ya CBT kuna mikondo. Michel Dugas na Robert Ladouceur wa Quebec, Kanada, waliona kwamba mwenye tatizo hili hasumbuliwi sana na hatari yenyewe kuliko anavyosumbuliwa na kutojua. Anaweza kukubali habari mbaya kwa urahisi kuliko kungoja majibu. Kwa hiyo mazoezi yao ni ya kukaa na kutojua, kidogo kidogo. Adrian Wells wa Uingereza akaangalia kwingine: mtu anauaminije wasiwasi wenyewe? Wengi huamini mambo mawili yanayopingana, kwamba wasiwasi unawakinga na kwamba wasiwasi utawatia wazimu. Imani ya kwanza inawazuia kuuacha, ya pili inawafanya wauogope.

Mazoezi ya kulegeza mwili yanaushika wasiwasi kwenye misuli. Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, alionyesha miaka ya 1920 kwamba mtu anaweza kufundishwa kuitambua misuli iliyokaza na kuiachia, kundi moja baada ya jingine. Njia yake ilikuwa ndefu mno, ikachukua vikao vingi. Mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, ndiye aliyeipanga upya kuwa tiba yenye ngazi, na maelezo yake ya mwaka 1987 ndiyo yanayofuatwa hadi leo.

Ngazi hizo zinafaa kuelezwa, maana watu wengi wamekomea kwenye ya kwanza wakidhani ndiyo tiba nzima. Unaanza kwa kukaza kundi la misuli kwa sekunde 5 hivi, kisha kuliachia kwa muda mrefu zaidi, ukienda kutoka mikono hadi uso, shingo, mabega, kifua, tumbo na miguu. Zoezi zima huchukua dakika 15 hadi 20. Ukishaizoea tofauti ya kukaza na kulegea, unaacha kukaza, unaachia tu. Halafu unafunga utulivu huo kwenye pumzi na neno moja unalolisema moyoni unapotoa hewa, kwa mfano “legea”. Kisha unajifunza kulegeza sehemu zisizotumika huku nyingine zikifanya kazi: mabega yamelegea na mkono unaandika, taya limelegea na miguu inatembea. Baadaye unafanya zoezi fupi mara 15 hadi 20 kwa siku, ukikumbushwa na alama ndogo uliyoibandika kwenye saa au simu. Mwisho kabisa, sekunde 20 hadi 30 zinatosha, na hapo unaingia nazo kwenye hali zinazokutisha.

Kwa hiyo lengo la njia hii si kulala chali ukisikiliza sauti ya mawimbi. Lengo ni kuudaka mkazo ukiwa bado mdogo, katikati ya mkutano, bila jirani kujua. Kwa upande huo njia mbili hizi zinafanana kuliko majina yake yanavyoonyesha: zote zinamfundisha mtu kugundua mapema kwamba ameanza, moja kwa kusikia sentensi, nyingine kwa kuhisi bega.

Kazi inayodaiwa kila siku

Kwenye karatasi vikao vinalingana, lakini kazi ya nyumbani ni ya aina tofauti kabisa.

CBT inadai maandishi na ujasiri. Utaandika mawazo, tarehe, utabiri na matokeo. Thomas Borkovec wa Pennsylvania aliongeza zoezi ambalo watu hulicheka kwanza: kutenga nusu saa kila siku, mahali palepale na saa ileile, iwe ndiyo saa ya kuwa na wasiwasi. Wazo likija asubuhi unalinakili na kuliambia lisubiri zamu yake. Mara nyingi saa ikifika, nusu ya orodha imeshapoteza makali. Sehemu ngumu ya CBT ni ile ya kufanya usichotaka kufanya: kutopiga simu ya kuhakikisha kwamba amefika salama, kutouliza tena, kutoahirisha. Usishangae ukihisi vibaya zaidi katika wiki hizo.

Kulegeza mwili kunadai marudio. Zoezi ni mara mbili kwa siku, hata siku usiyojisikia, hasa siku usiyojisikia. Hakuna maandishi mengi zaidi ya alama unazoupa mkazo wako kabla na baada ya zoezi. Hakumchokozi mtu kwa kumbishia mawazo yake. Wengi huonja utulivu kidogo mapema, na hilo huwapa moyo wa kuendelea, lakini kuna kipindi cha katikati kinachochosha, ambapo zoezi limeshazoeleka na bado halijawa na nguvu ya kutumika kwenye joto la tukio. Hapo ndipo wengi huacha.

Utafiti unasemaje

Wanaotarajia CBT ishinde kwa mbali watashangaa. Öst na Elisabeth Breitholtz walizilinganisha njia hizi ana kwa ana mwaka 2000 na hawakuona tofauti ya maana. Borkovec na wenzake, mwaka 2002, walipima sehemu ya fikra peke yake, sehemu ya kulegeza peke yake, na zote pamoja. Makundi yote matatu yalipata nafuu inayokaribiana. Jedidiah Siev na Dianne Chambless walikusanya majaribio ya aina hiyo mwaka 2007 na kuhitimisha kwamba kwa wasiwasi wa jumla njia hizi zinalingana, ila kwa ile mishtuko ya ghafla ya hofu tiba ya fikra ndiyo yenye matokeo bora. Ndiyo maana nilisema tofauti ya matatizo hayo mawili ina uzito.

Upande wa CBT una hoja zake. Jaribio la Dugas na wenzake la mwaka 2010 liliipa CBT nafasi ya mbele kidogo, hasa kwa kuwa waliopitia njia hiyo waliendelea kupata nafuu hata baada ya vikao kwisha. Tena CBT imepimwa mara nyingi zaidi, kwa watu wa rika na hali nyingi zaidi, wakati majaribio ya kulegeza mwili kwa ngazi za Öst ni machache. Hakuna kati ya hizi mbili inayomponya kila mtu. Katika majaribio, sehemu kubwa ya washiriki hupata nafuu na bado hubaki na dalili kadhaa.

Mimi nausoma ushahidi huu hivi: tofauti kati ya njia hizi mbili ni ndogo kuliko tofauti kati ya anayefanya mazoezi na asiyefanya. Kwa hiyo swali la ipi utakuwa bado unaifanya kweli ukifika mwezi wa tatu wa tiba ni swali la kitabibu, halihusu uvivu.

Inavyoharibika

CBT huharibika ikigeuka mahakama kichwani. Mtu mwenye maneno mengi, aliyesoma, anayependa hoja, anaipenda CBT upesi, halafu saa 8 usiku anajikuta akijitetea na kujishtaki: uwezekano ni mdogo, lakini je, kama safari hii ni kweli, lakini ushahidi unasema, lakini ushahidi wa nani? Huo si upimaji wa mawazo tena. Ni wasiwasi uleule umevaa suti. Borkovec aliwahi kueleza kwamba wasiwasi wa aina hii ni maneno zaidi kuliko picha, na kwamba maneno hayo humkinga mtu asikutane na picha inayomtisha wala na msisimko wa mwili unaokuja nayo. Ukiongeza maneno juu ya maneno, umeongeza kinga, hujaitoa.

Dalili ya kwamba imeharibika ni hii: unapata nafuu kila ukimaliza kuandika, na dakika 20 baadaye unahitaji kuandika tena. Daftari limekuwa la kujihakikishia. Dawa yake ni kuacha kubishana na kwenda kwenye jaribio, au kuandika kwa saa iliyotengwa tu, kwa karatasi, kisha kufunga. Mtaalamu mzuri huligundua hili ndani ya vikao vichache. Anayejifundisha mwenyewe huchelewa.

Kulegeza mwili huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuufanya utulivu kuwa sharti: “lazima nitulie kabla ya kuingia mkutanoni.” Sasa mtu anaogopa mambo mawili, mkutano na kutotulia. Akishindwa kutulia haingii. Zoezi lililokuja kumfungulia mlango limekuwa kufuli.

Ya pili ni utulivu wenyewe kuleta wasiwasi. Haya si maajabu, wala si udhaifu wa mtu. Frederick Heide na Borkovec waliyaandika miaka ya 1980. Mtu anaanza kulegea, moyo unaanza kwenda mbio, anahisi kama anaanguka au anapoteza usukani. Michelle Newman na Sandra Llera walitoa maelezo yanayonishawishi mwaka 2011: baadhi ya watu hukaa kwenye wasiwasi ili habari mbaya isiwakute wametulia. Kinachowaumiza zaidi ni lile poromoko kutoka amani kwenda mshtuko, basi afadhali wakae na wasiwasi muda wote. Kwa mtu kama huyo kulegea ni kuvua ngao, lazima aogope. Haimaanishi njia haimfai. Inamaanisha aanze kwa macho wazi, ameketi, kwa dakika chache, kwa misuli ya mikono tu, na aongeze polepole huku akigundua kwamba alitulia na dunia haikumvamia.

Ya tatu ni ya kupumua. Ushauri wa “vuta pumzi ndefu” umewaponza wengi. Ukivuta hewa nyingi kwa haraka, kabonidioksidi mwilini hushuka, na kushuka huko huleta kizunguzungu, ganzi vidoleni na hisia ya kukosa hewa. Mwenye wasiwasi akiona hayo anadhani ni moyo. Pumzi inayotuliza ni ya polepole na ya kawaida kwa ujazo, tumbo likiinuka kidogo, na kutoa kukichukua muda mrefu kuliko kuvuta. Na mwenye jeraha la shingo au mgongo asikaze sehemu hiyo. Airuke au aachie bila kukaza.

Bila mtaalamu

Zote mbili zina toleo la kujifundisha, na miongozo huanza huko kwa hali isiyo kali: kitabu cha mazoezi au programu ya simu, pamoja na mtu wa kukufuatilia kwa muda mfupi kila wiki. Kulegeza mwili ni rahisi zaidi kuanza peke yako. Sauti iliyorekodiwa inatosha kwa ngazi mbili za mwanzo. Ila rekodi haiwezi kukuambia kwamba bado umekaza taya, na ukiitegemea hadi mwisho hutafika ngazi ya sekunde 20. CBT ya peke yako inahitaji uaminifu mkubwa zaidi, kwa sababu aliye na wasiwasi ndiye pia hakimu wa kama wasiwasi una haki. Anayeamua peke yake ni majaribio gani afanye huchagua yale asiyoyaogopa.

Vipi kuzichanganya?

Wataalamu wengi hufanya hivyo, na vifurushi vingi vinavyoitwa CBT vina mazoezi ya kulegeza ndani yake. Hakuna ubaya, lakini lile jaribio la 2002 halikuona kwamba zote pamoja zinazaa mara mbili. Hatari yake ni kufanya kila kitu nusunusu. Afadhali moja iwe ya msingi kwa wiki za mwanzo, nyingine iongezwe kwa sababu unayoweza kuitaja.

Kuchagua kwa kuangalia hali yako

Kama unachokiona kwanza ni mwili, kichwa kinachobana, meno yanayosagana usiku, mabega yaliyopanda hadi masikioni, na ukiulizwa unawaza nini huna jibu, anza na kulegeza mwili. Vivyo hivyo kama kuandika ni mzigo kwako, au kama kila ukijaribu kupima wazo unaishia kubishana nalo.

Kama maisha yako yamepungua kwa sababu ya wasiwasi, yaani umeacha safari, maamuzi yamelala, watu wa nyumbani wamechoka kuulizwa swali lilelile, anza na CBT. Kulegea hakutakurudishia ulivyoviacha mpaka uende kuvichukua, na CBT ndiyo inayokutuma huko moja kwa moja. Anza nayo pia kama unapata mishtuko ya ghafla ya hofu juu ya wasiwasi wa kila siku.

Kama wasiwasi wako unahusu jambo la kweli lililo mezani, deni, ugonjwa wa mzazi, kesi, usitumie njia yoyote kujiaminisha kwamba halipo. CBT ina sehemu ya kutatua matatizo: gawa linalofanyika leo na lisilofanyika, fanya la kwanza. Kwa la pili, kulegeza mwili kunasaidia kungoja.

Kama usingizi ndio umeharibika zaidi, kulegeza mwili jioni kunaweza kukusogeza, lakini zoezi kuu lifanye mchana. Ukilifanya kitandani tu, mwili utajifunza kulala na hautajifunza kutulia kazini.

Kama tayari unatumia dawa, njia zote mbili zinaendana nayo. Usiikatishe mwenyewe kwa kuwa umeanza kupata nafuu.

Kama aliye karibu nawe ni mtaalamu wa njia moja tu na ameisomea vizuri, mchukue huyo, hata kama maelezo ya juu yanakuelekeza kwingine. Muulize mambo mawili siku ya kwanza: nitapewa kazi gani ya nyumbani, na tutajuaje kama inafanya kazi? Asiyeweza kujibu la pili, tafuta mwingine.

Njia ya kujua ipo na haigharimu kitu. Dodoso la GAD-7, lililotoka mwaka 2006, lina maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita na alama kutoka 0 hadi 21; 5 huashiria wasiwasi mdogo, 10 wa kati, 15 mkali. Lijaze kabla ya kuanza na ulirudie kila wiki mbili. Kushuka kwa alama 4 hivi huhesabiwa kuwa badiliko la maana. Ukifika wiki ya 6 au ya 8, umefanya mazoezi kweli na alama hazijasogea, peleka karatasi hizo kwa mtaalamu na mzungumzie kuhamia njia ya pili.